Chanjo ya homa ya mafua: uchomwe famasi au kituo cha afya?

Msimu wa homa ya mafua ukikaribia, swali huwa lilelile: "Hii ya famasi ni sawa na ya hospitali?" Ni sawa. Chanjo inayochomwa famasi na inayochomwa hospitali hutoka kwa watengenezaji walewale, na mara nyingi hata boksi ni lilelile. Kwa mtu mzima kipimo cha kawaida ni nusu mililita, inaingia kwenye msuli wa bega, na ukigeuza uso kidogo unakuta mchomaji ameshamaliza. Kwa hiyo anayelinganisha dawa kwa dawa anajichosha bure. Vya kulinganisha ni vile vinavyoizunguka hiyo nusu mililita: friji ilimokaa, mkono unaoichoma, maswali unayoulizwa kabla, na karatasi unayotoka nayo.

Niseme msimamo wangu mapema. Mtu mzima mwenye afya yake, famasi inamtosha, na mara nyingi inamfaa zaidi. Mtoto mdogo, mtu aliyewahi kuzidiwa baada ya chanjo, na anayepata matibabu yanayoshusha kinga ya mwili, hao waende kituo cha afya au hospitali. Kati ya makundi hayo mawili ndipo penye maneno.

Na tuelewane tunajikinga na nini. Homa ya mafua, yaani influenza, si yale mafua ya pua kuchuruzika siku tatu huku unaendelea na kazi. Influenza huangusha: asubuhi uko mzima, jioni mifupa inauma, homa iko juu, hata kugeuka kitandani ni shughuli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 3 hadi 5 huugua vibaya, na kati ya 290,000 na 650,000 hufa kwa matatizo ya upumuaji yanayotokana nayo. Chanjo haizuii kila kitu. Katika mwaka ambao imeoana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza uwezekano wa kuugua hadi kumwona daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Anayekuahidi zaidi ya hapo, awe mfamasia au daktari, anafanya biashara.

Foleni

Hapa famasi inashinda bila ubishi. Unaingia, unajaza fomu, unaulizwa maswali, unachomwa, unakaa dakika 15 ukiangaliwa, unaondoka. Famasi nyingi hufunguliwa hata jioni na mwisho wa wiki, wakati kliniki imefungwa. Kituo cha afya kina mapokezi, kuna kufungua faili, kuna kupimwa presha, kuna benchi. Na benchi lenyewe ndilo linalonitia wasiwasi: unakwenda kujikinga na ugonjwa wa njia ya hewa, halafu unakaa saa nzima bega kwa bega na watu wanaokohoa.

Ila usitoke nyumbani kabla ya kupiga simu. Si kila famasi inachanja, na sheria hazifanani. Marekani, wafamasia wa majimbo yote 50 wameruhusiwa kuchoma chanjo ya mafua tangu 2009. England huduma hiyo ya umma iliingia famasi mwaka 2015, Ufaransa ikaeneza nchi nzima mwaka 2019. Kwingine famasi inaruhusiwa kuuza tu, kisha unaambiwa: "Chukua, kampe nesi akuchome."

Hiyo njia ya kununua na kubeba, ambayo watu huiona kama mtindo wa kati, ndiyo ninayoikataa kuliko zote. Chanjo hii inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi mkononi mwako. Ikipata joto inapungua nguvu. Ikiganda inaharibika, na hata ikiyeyuka tena hairudi kuwa nzima. Kibaya zaidi, kwa macho huwezi kujua. Iliyoharibika na iliyo nzima zinaweza kufanana kabisa. Sasa uiweke kwenye mkoba, upande gari, ukae foleni ya nesi, halafu nesi aulizwe kama bado ni nzima. Atajuaje? Kama huna njia nyingine kabisa, iende kwenye kisanduku cha baridi, isigusane moja kwa moja na barafu, na nesi awe anakusubiri. Vinginevyo tafuta mahali wanapoitoa kwenye friji na kuichoma palepale.

Friji ndiyo mtihani wenyewe

Nina tabia ya kuomba kuona friji. Watu hunitazama kama mkaguzi, lakini ombi lenyewe ni dogo na jibu lake linasema mengi.

Famasi moja niliyokwenda, binti wa kaunta hakushangaa hata kidogo. Alinipeleka nyuma. Mlangoni mwa friji kulikuwa na kipimajoto cha kidijitali kinachosoma 4.6, na pembeni daftari limefungwa kwa kamba, kila ukurasa una safu mbili: asubuhi na jioni, na sahihi ya aliyesoma. Ndani maboksi yamepangwa na nafasi katikati ili hewa ipite, hakuna kitu mlangoni, hakuna kitu kinachogusa ukuta wa nyuma. Sikuuliza swali la pili.

Famasi nyingine friji ilikuwa ile ndogo ya mlango mmoja, yenye kijisehemu cha kugandishia juu. Barafu imevimba hadi mlango wa kijisehemu haufungi. Maboksi ya chanjo yamesukumwa hadi yakabanwa kwenye ukuta wa nyuma, mahali panapoganda mapema kuliko pengine popote, na mbele yake chupa ya maji ya kunywa iliyofika nusu, maana yake friji hiyo inafunguliwa kila mtu akisikia kiu. Nilishukuru nikaondoka.

Kituo cha afya kwa kawaida kina nafuu hapa. Vituo vinavyochanja watoto kila siku vimezoea mnyororo baridi, yaani kuitunza chanjo kwenye baridi njia nzima hadi inapochomwa; vina friji za chanjo zenyewe, vina utaratibu wa umeme ukikatika. Lakini usidhani jengo kubwa ni dhamana. Siku za kampeni, na hasa zile za kuchanja watu kazini, nimeona bomba zimetolewa zote kwa mpigo na kupangwa juu ya meza "ili twende haraka". Kasi hiyo haina maana. Inayotakiwa ni kutoa moja, kuchoma, kutoa nyingine, au kuziweka kwenye kasha la baridi lenye kipimajoto. Swali la kuuliza ni lilelile kokote uendako: "Hii imetoka kwenye friji saa ngapi?"

Mkono

Manesi wa kituo cha afya huchoma sindano kutwa, mwaka mzima. Mfamasia huenda akachoma kwa wingi msimu tu. Kwa hiyo kwa mkono peke yake, kituo kina faida kidogo, ingawa mfamasia aliyepata mafunzo na anayechanja watu kila siku msimu mzima hana upungufu wowote wa kukutisha.

Unachoweza kukiangalia mwenyewe ni mahali sindano inapoingia. Ukipapasa ncha ya bega utakuta mfupa. Sindano inatakiwa iingie chini ya hapo kwa upana wa vidole viwili au vitatu, kwenye msuli uliojaa. Ikiingia juu sana inaweza kugusa maungio ya bega, na hapo maumivu si ya siku mbili, ni ya wiki na miezi. Mara nyingi kosa linaanzia kwenye nguo: mtu amevaa shati la mikono mirefu, anavuta ukosi upande mmoja kufichua bega, mchomaji amesimama yeye ameketi, sindano inaelekea juu. Vaa nguo ya mikono mifupi. Kama huwezi kukunja mkono wa nguo hadi juu, vua. Na hapa ndipo famasi nyingi zinapoboronga: hazina chumba. Unaambiwa ukae kwenye kiti kando ya kaunta huku wateja wakipita. Mwanamke aliyevaa nguo ndefu au baibui atavua vipi hapo? Atavuta ukosi. Kabla hujakubali, uliza kama kuna chumba au angalau pazia.

Kisha kuna zile dakika 15. Watu huziona kama kupoteza muda, hasa famasi, maana walikuja kwa ajili ya haraka. Lakini wapo wanaozimia baada ya sindano, vijana hasa, si kwa sababu ya dawa bali mwili tu kushtuka, na anayezimia akiwa amesimama hupasuka kichwa. Mzio mkali wa ghafla, ule wa kubana pumzi na kuvimba uso, ni nadra mno: takriban mtu mmoja kati ya milioni. Hata hivyo mchanjaji yeyote, famasi au hospitali, anatakiwa awe na adrenalini karibu na ajue kuitumia. Muulize ipo wapi. Akikuonyesha bila kutafuta, umepata jibu.

Mzio wa mayai ulikuwa sababu ya kuwatoa watu famasi na kuwapeleka hospitali, kwa kuwa chanjo nyingi hukuzwa ndani ya mayai ya kuku. Msimamo huo umelegea sana. Marekani tangu msimu wa 2023/2024 wenye mzio wa mayai hawatakiwi tena kupewa uangalizi wa ziada, hata kama mzio wao ni mkali. Anayebaki wa kwenda hospitali ni yule aliyewahi kupata mzio mkali kwa chanjo yenyewe ya mafua. Huyo azungumze na daktari kabla ya kitu chochote.

Nani anachanjwa

Mtoto chini ya miezi 6 hachanjwi kabisa. Kinga yake inatoka kwa mama aliyechanjwa akiwa na mimba na kwa watu wa nyumbani waliochanjwa. Kuanzia miezi 6 hadi miaka 8, mtoto anayepata chanjo hii kwa mara ya kwanza huhitaji dozi mbili zilizopishana angalau wiki 4. Mzazi akisahau ya pili, ya kwanza inabaki nusu kazi. Kwa sababu hiyo napendelea kliniki ya watoto: wana kadi, wana tarehe ya kurudi, na wanajua kumchoma mtoto mchanga kwenye paja badala ya bega. Famasi nyingi zina umri ambao chini yake hawachanji kabisa, kwa hiyo mara nyingi uamuzi umeshafanyika kabla hujafika.

Mjamzito anaweza kuchanjwa mwezi wowote wa mimba. Kwa kuwa kliniki ya wajawazito anakwenda kwa vyovyote, aulize hukohuko. Wakiwa hawana, famasi si mbaya, mradi aseme wazi kwamba ni mjamzito na apate ya sindano.

Maana kuna ya kupuliza puani pia. Hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, wakati virusi vya sindano vimeuawa au ni vipande tu, ndiyo maana sindano haiwezi kukupa influenza hata siku moja. Bega kuuma na uchovu wa siku moja au mbili ni mwili unaitikia. Ya puani haitolewi kwa wajawazito, kwa wenye kinga dhaifu, wala kwa watoto chini ya miaka 2. Marekani imeruhusiwa hadi miaka 49, Ulaya ni ya watoto na vijana chini ya miaka 18. Kwa mtoto anayelia akiona sindano ni neema, ila usiitegemee kuipata kila mahali.

Wazee wa miaka 65 na zaidi ndio wanaobadilisha hesabu. Kinga yao huitikia kwa uvivu, na kwa ajili yao zimetengenezwa chanjo zenye nguvu zaidi. Ile ya dozi kubwa ina mikrogramu 60 za kila aina ya kirusi badala ya 15 za kawaida, yaani mara nne. Ipo pia iliyoongezewa kichocheo cha kinga. Kituo kidogo cha afya kinaweza kuwa na aina moja tu, ya watu wote, huku famasi kubwa ikiwa na zote mbili kwenye friji. Hapa usiongozwe na hadhi ya jengo. Piga simu uulize ipo wapi. Isipopatikana popote, mzee achomwe ya kawaida leo kuliko kungoja ile bora mpaka msimu uishe.

Wenye pumu, kisukari na magonjwa ya moyo wanaweza kuchanjwa famasi, na wao hasa ndio wanaoihitaji. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema: atachomwa kwa sindano nyembamba, kisha palipochomwa pabanwe kwa dakika 2 bila kusugua. Anayepata dawa za saratani, au aliyepandikizwa figo, asiamue kaunta. Siku ya kuchanjwa kwake inapangwa na wanaomtibu.

Na mafua madogo ya siku hiyo? Hayazuii. Ukiwa na homa, ahirisha. Mfamasia mzuri atakuuliza hata kabla hujavuta kiti.

Boksi limeandikwa nini

Kabla ya kuchomwa, omba boksi ulisome. Virusi vya influenza hubadilika, kwa hiyo Shirika la Afya Duniani hutoa mapendekezo mara mbili kwa mwaka: Februari kwa ajili ya nusu ya kaskazini ya dunia, Septemba kwa ajili ya nusu ya kusini. Chanjo ya kaskazini mara nyingi huandikwa miaka miwili iliyounganishwa, mfano 2025/2026. Ya kusini huandikwa mwaka mmoja. Anayeishi mbali na Ikweta hana la kufikiri, ya upande wake ndiyo itakayokuwa sokoni. Anayeishi karibu na Ikweta, ambako influenza inaweza kuzunguka karibu mwaka mzima na hata kupanda mara mbili, anaweza kukutana na zote mbili. Kwake kanuni ni rahisi: toleo jipya kuliko yote lililopo, na tarehe ya mwisho wa matumizi iwe haijafika. Famasi ndiko utakakokuta boksi lililobaki la msimu uliopita likiuzwa kwa punguzo. Liache hapo.

Usishangae pia ukikuta moja inasema ina aina nne za virusi na nyingine aina tatu. Yenye aina tatu haijapunjwa. Aina ya B iitwayo Yamagata haijathibitishwa kuonekana ikizunguka tangu Machi 2020, kwa hiyo wataalamu wamependekeza iondolewe, na watengenezaji wanarudi kwenye tatu.

Kumbuka kwamba kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka. Kwa hesabu hiyo, famasi iliyo wazi leo jioni ina thamani kuliko miadi ya kliniki ya mwezi ujao, hasa kama tayari watu wameanza kuugua.

Karatasi

Kituo cha afya kinaandika kwenye faili lako, na ukirudi mwakani lipo. Famasi nyingi zinakupa risiti. Risiti si cheti. Omba kijikaratasi chenye jina la chanjo, namba ya bechi, tarehe, na sahihi ya aliyekuchoma, kisha kipige picha papo hapo kabla hakijapotelea mfukoni. Namba ya bechi ndiyo itakayotakiwa ukipata tatizo, na tarehe ndiyo itakayotakiwa kwa dozi ya pili ya mtoto. Kama una bima ya afya, uliza kwanza: zipo zinazolipia hospitali tu, zipo zinazolipia famasi walizoingia nazo mkataba, na hilo hugundulika wakati mkono wa nguo umeshakunjwa.

Mwaka huu mimi nachomwa famasi, ile ya daftari la kamba. Mama yangu, ambaye amepita miaka 70 na ana presha, nilipanga achanjwe kliniki kwake siku ya kuchukua dawa, iwe safari moja. Nikapiga simu kuulizia ya dozi kubwa. Kliniki hawana, wana ya kawaida tu. Nikapiga famasi: wamebakiwa na mbili. Basi nimewaomba watuwekee moja hadi kesho jioni, na mama nimemwambia avae blauzi ya mikono mifupi na abebe kadi yake ya kliniki, ili mfamasia aandike humohumo.